Mwaka Tulipotabiri Timu Tatu

Wiki iliyopita nilikuwa nasukwa Troyeville, hapa hapa Johannesburg, kichwa kimefika nusu, kijana mmoja pale saluni akaegemeza simu yake kwenye kioo akaanza kusikiliza Wamarekani wawili wakiuchambua msimu mpya wa mpira wao, ule wa kubeba mkononi. Wanapitia timu moja moja: nani kauzwa, nani kanunuliwa, goti la nani halijapona, nani atamaliza wa kwanza na nani ataburuta mkia. Nikamwambia azime. Akacheka, "Eish, sista, hata timu ya tatu hawajafika." Nikamwambia azime au niondoke na nusu kichwa changu hivi hivi. Akazima. Msusi alinitazama kama mwenda wazimu, na sikumlaumu, maana nani anakasirikia mpira asioucheza yeye wala nchi yake?

Mimi hapa. Nyinyi wa rika langu mliokulia Bellevue, kwenye zile nyumba za zamani zilizokatwa vyumba kwa mbao, mnajua kila familia ilikuwa na wazimu wake wa Amerika. Kwa wengine ulikuwa kufunga na kuomba. Kwa wengine ulikuwa kusema Kiingereza mezani hata kama chumvi hamjui mnaitaje. Kwetu ulikuwa mpira ule, na ulianza kila mwaka mwishoni mwa baridi, upepo wa Agosti unapoingiza vumbi mpaka ndani ya sufuria na chumba kizima kinanuka mafuta ya taa ya lile jiko dogo la kuotea moto tuliloliita hita. Harufu ile hadi leo ikinifikia, naondoka mahali hapo.

Baba alikuwa fundi cherehani kutoka Uvira. Mashine yake ilikaa barazani, na hapo ndipo alipopokelea wateja, simu, na umbea. Mama alisuka nywele Yeoville sokoni. Mimi nilikuwa na miaka minane hivi, kichwa kigumu, mdomo mrefu. Na dada yangu Furaha alikuwa na kumi na sita, mrefu, mwenye akili za kukera, anayeongea Kizulu na wauza mboga kama amezaliwa Soweto na bado akirudi nyumbani anamsahihishia Mama Kifaransa. Tulilala kitanda kimoja, mimi ukutani, yeye pembeni, kwa sababu alisema mwizi akiingia atamchukua yeye kwanza, na mimi nitapata nafasi ya kupiga kelele.

Kisa cha mpira alikileta Papa Deo, rafiki wa Baba wa kanisani. Kesi yake ya kuhamishiwa Amerika kama mkimbizi ilikuwa imekubaliwa, akaenda na wanawe wote kwenye mji wa baridi kali, na baada ya miezi michache akaanza kumtumia Baba ujumbe wa sauti. Tuliusikiliza barazani, simu imewekwa juu ya meza ya mashine. "Ndugu yangu," Papa Deo alisema, "hapa kama haujue mpira yabo, weye si mutu. Jumatatu pa kazi banauliza: uliona timu? Ukinyamaza, banakuacha." Baba aliuchukua ujumbe ule kama agizo. Kesi yetu nasi ilikuwa inangojea, na Baba alijua kwamba siku moja tutaitwa mbele ya mhojaji, na mhojaji atakuwa Mwamerika. Sasa akaunganisha mambo yake mwenyewe: Mwamerika anapenda mpira, sisi tukiujua mpira atatuona watu wake, na mtu hawezi kuwaacha watu wake. Jamani, ukimsikiliza akieleza, ungekubali.

Basi akajifunza ile divisheni ya timu ya mji wa Papa Deo. Zilikuwa timu nne. Kila moja inacheza na kila mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini, na inayoongoza zile nne inakwenda mbele moja kwa moja. Majina yake yalimshinda ulimi, akaziita kwa rangi za jezi: Kijani, Zambarau, Nyekundu na Chungwa. Nasi tulikuwa wanne. Baba akaona mkono wa Mungu hapo. Akagawa. Yeye akachukua Kijani, timu ya Papa Deo. Mama akapewa Zambarau. Furaha, Nyekundu. Mimi, kwa kuwa mdogo, nikapewa Chungwa, timu mbovu kuliko zote, isiyoshinda hata kwa kuonewa huruma.

Jumamosi moja kabla ya msimu kuanza, Mama alisugua sakafu, majirani walifukuzwa barazani, na kila mmoja wetu alisimama mbele ya mashine ya cherehani kueleza timu yake mwaka huu iko namna gani. Kwa Kiingereza, tena si hiki chetu cha Joburg, hapana, cha Amerika, kwa pua. Ilikuwa mazoezi ya mahojiano. Baba alikaa kwenye kiti akijifanya mhojaji, miwani ya kusomea puani, na alituuliza maswali.

Mama alikataa Kiingereza katakata. Alisema kwa Kiswahili, mikono kiunoni, "Zambarau baliuzisha mukimbiaji yabo muzuri, balinunua muzee. Batashindwa. Nimemaliza." Akarudi jikoni.

Lakini Furaha! Furaha alikuwa akienda maktaba, anasoma kwenye kompyuta mpaka wanamfukuza, anarudi na timu yake yote kichwani. Alisimama mgongo wima. Alieleza kwamba mrushaji wa Nyekundu, yule anayeanzisha kila mchezo, ana mkono wa dhahabu ila ukuta wa wanaume wanene wanaomlinda umevunjika, wawili wameondoka na mmoja ana goti bovu. Kwa hiyo hatapata muda wa kurusha. Kwa hiyo kocha itabidi ampe mpira mkimbiaji. Kwa hiyo mwezi wa Desemba, wakiwa ugenini kwenye theluji, mkimbiaji atakuwa amechoka, na hapo ndipo Kijani watawapita. "Nyekundu watamaliza wa pili," alisema, "na itawauma." Baba alipiga meza kwa furaha mpaka pini zikaruka. "Huyu!" alisema. "Huyu njo atatufikisha!"

Mpangaji wa gereji, Bwana Athumani wa Tanga, alikuwa anasikiliza nyuma ya ukuta na hakuweza kujizuia. "Baba Furaha, nyie Wakongo mna mambo. Mpira gani huo unachezwa kwa mikono? Si bora mkajifunze netiboli?" Baba akamjibu kwamba siku tutakayopanda ndege, yeye atabaki hapa na mpira wake wa mguu. Tukacheka sote. Nasema nikijua ninachosema: jioni ile tulikuwa na raha, na Baba alikuwa mtu mzuri.

Mimi kwa akili yangu ya kitoto nililipeleka jambo mbali zaidi. Niliamini yule mhojaji ana msimamo wa familia kama ule msimamo wa ligi, na kila mtu anampatia familia yake alama kupitia timu yake. Baba wa Kijani alama nyingi, Furaha wa Nyekundu alama nyingi, Mama hajali lakini hapotezi. Aliyebaki kutuangusha ni mimi na Chungwa yangu. Nikawa naomba usiku kwa ajili ya wanaume nisiowajua, wasivunjike magoti. Mwaka ule Chungwa walifungwa karibu kila wiki. Nilikuwa nawatazama wenzangu kwenye meza ya chakula nikiona haya.

Tuliitwa mahojiano kabla ya Agosti nyingine kufika. Baba alishona kwa wiki nzima: kila mmoja wetu nguo mpya, na ndani ya kila kola akaweka ukanda mwembamba wa rangi ya timu yake, mahali ambapo pangeonekana kidogo tu. Tulipanda teksi kwenda Pretoria alfajiri, Mama ameshika mfuko wa mayai ya kuchemsha, Furaha akiniuliza Chungwa yangu njia nzima. "Mrushaji wenu ni nani?" Namtaja. "Mdakaji?" Namtaja. Kila robot tuliyosimama kungoja taa iwe kijani, swali.

Mhojaji alikuwa mama wa Kimarekani mwenye sauti ya chini, na pembeni yake mkalimani wa Kiswahili. Tuliingia wote kwanza. Baba hakungoja. Alikohoa akasema kwa Kiingereza chake cha pua kwamba yeye anaona mwaka huu Kijani watachukua divisheni, ulinzi wao ni mzuri sana. Yule mama aliinua macho. Alitabasamu bila kuonyesha meno, akasema "okay", akarudi kwenye kazi yake. Na mkalimani, mshenzi yule, alimtazama Baba kama mtu aliyeingia kanisani na kuku. Mimi nilivuta kola yangu nje ili rangi ya chungwa ionekane. Hakuna aliyeitazama.

Kisha wakatuita mmoja mmoja. Mimi waliniuliza nalala na nani, nikasema na dada yangu. Wakauliza dada yangu ni nani, nikasema Furaha. Wakauliza kama najua jambo lolote jingine, nikaanza kutaja mrushaji wa Chungwa na jina likanikimbia. Likapotea kabisa! Nilisimama pale mdomo wazi mpaka mkalimani akaniambia, "Basi, mtoto, nenda." Furaha aliingia baada yangu, akakaa sana. Alipotoka alikuwa na uso wa kawaida. Aliniuliza kama nimekula yai langu.

Miezi ikapita, na siku moja Baba alipokea simu akiwa kwenye mashine. Alisikiliza, akasema "yes madam" mara kadhaa, akaishusha simu taratibu. Kesi ilikuwa imekataliwa. Mimi hawakuniambia kwa nini, na sikuhitaji kuambiwa. Nilijua. Ni lile jina la mrushaji. Nilikaa na jambo hilo peke yangu, nikaacha kula vizuri, nikakojoa kitandani umri ule, na Furaha akaficha mashuka akafua mwenyewe. Nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba nilifikiri wote wananikasirikia mimi.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni jina. Wateja walikuja barazani, "Baba Furaha, suruali yangu iko tayari?" na Baba haitikii. Anaendelea kukanyaga mashine. Mpaka siku moja akamwambia Bwana Athumani, "Miye naitwa Baba Bahati." Bahati ni mimi. Bwana Athumani akasema, "Kwani tangu lini mtu anaitwa kwa kitinda mimba na kifungua mimba yupo?" Baba akasema tangu leo. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilidhani nimesamehewa.

Agosti ikaja, vumbi likaja, hita ikawashwa. Papa Deo alikuwa amemtumia Baba ujumbe kwamba wengine walifungua kesi mpya na zikasikilizwa. Kwa hiyo Jumamosi ile tukaitwa tena mbele ya mashine. Furaha alikuwa amejiandaa. Nilimwona mimi mwenyewe kitandani wiki nzima akinong'ona ukuta mpya wa Nyekundu, maana wamenunua wanaume wapya wanene na goti la yule mmoja limepona. Alinong'ona pia kwamba mwaka huu watachukua divisheni, akanifinya, "Usimwambie Baba, nataka nimshangaze."

Baba akasema Kijani yake. Akamwita Mama na Zambarau, na Mama alisema maneno mawili akiwa ametazama chini. Akaniita mimi. Nikaeleza Chungwa yangu yote bila kusahau jina hata moja, nikakaa. Furaha akasimama, akanyoosha sketi.

"Basi," Baba akasema. "Tumemaliza."

Nilidhani amesahau. "Baba, bado Nyekundu."

"Mwaka huu tunatabiri timu tatu."

"Lakini ziko nne! Nyekundu inacheza na Kijani mara mbili, utamtabiri Kijani bila—"

"Bahati, nyamaza. Nyekundu ni timu ya bengine."

Furaha alikuwa bado amesimama. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama anauliza bei, "Baba, miye ni mutoto wa nani?"

"Weye ni mutoto wa kaka yangu, Mungu amurehemu," Baba akasema. "Ulisema mwenyewe mbele ya bazungu."

Ndivyo nilivyojua. Baba yake Furaha na mama yake walikufa Uvira wiki moja, yeye akiwa na miaka minne, na Baba akamchukua. Kwetu jambo hilo haliongelewi, na si kwa siri. Haliongelewi kwa sababu hakuna cha kuongea: mtoto wa kaka yako ni mtoto wako, unaitwa kwa jina lake, anamaliza chakula cha nyumba kama wengine, yamekwisha. Baba na Mama walipoulizwa, walisema Furaha ni mtoto wao wa kwanza, na mioyoni mwao hawakudanganya. Furaha alipoulizwa peke yake jina la mama aliyemzaa, alilitaja, kwa sababu alilelewa kusema kweli, na Baba ndiye aliyemlea hivyo. Yule mama wa Kimarekani akaandika kwamba familia hii inasema uongo. Baba alitufundisha magoti ya wanaume wa mbali, alitufundisha theluji ya Desemba, na swali moja hakutufundisha, maana hata yeye hakujua kwamba ni swali. Kosa lake hilo nilimsamehe zamani. Mtu yeyote wa kwetu angelifanya.

Lakini la pili sikumsamehe na sitamsamehe. Alikuwa anajua sasa. Alikuwa na miezi ya kukaa pale kwenye mashine na kuchagua, na akachagua kesi mpya ya watu watatu, bila Furaha. Mama alimwambia, "Baba Furaha, acha, muombe musamaha mutoto," na Baba akamkatiza, "Hiyo si jina yangu." Furaha hakulia. Alikusanya vikombe, akaviosha, akavipanga. Usiku alilala pembeni kama kawaida. Asubuhi aliniambia nijifunze kulala bila kupiga mateke, akabeba mfuko wake akaenda kwa mama mmoja wa kanisani Joubert Park aliyekuwa na duka la nguo. Mama alimfuata hadi kona. Baba alikuwa anashona.

Na ile kesi ya watu watatu? Haikufika popote. Mlango wa Amerika ulifungwa kwa watu wengi miaka ile, hata kwa waliosema kweli tupu. Sisi tukabaki Bellevue, chumba kile kile, kitanda kikubwa. Agosti iliyofuata Baba hakutuita mbele ya mashine.

Baadaye, nikiwa tayari msichana mkubwa, Baba alipata ugonjwa wa mapafu. Alikonda, alikohoa, alilala mchana. Siku moja aliniambia, bila kunitazama, nimpigie Furaha. "Mwambie baba yake anamwita." Nilimpigia. Kulikuwa na kelele za duka nyuma yake. Alisema sawa, atakuja Jumapili. Baba aliposikia, alimwomba Mama amnyoe ndevu. Alivaa shati lake la kanisani. Alikaa kitini badala ya kulala, na kila geti lilipolia alinyoosha shingo.

Furaha alikuja saa nane mchana. Alikuwa amevaa vizuri, amebeba matunda, unga wa uji wa lishe, na blanketi jipya. Alimkumbatia Mama sana. Alinikumbatia mimi, akanicheka nilivyorefuka. Kisha akaenda mbele ya kiti, akapiga goti kidogo kama msichana aliyelelewa vizuri, akampa Baba mikono yote miwili.

"Jambo, baba mudogo," akasema. "Pole na ugonjwa."

Baba aliishika mikono ile. Furaha akavuta kigoda, akakaa naye kama saa nzima. Alimmenyea chungwa, akamfutia kidevu, akamuuliza dawa anakunywaje, akamwombea kwa sauti nzuri sana: Ee Bwana, mponye baba yetu mdogo. Hakukosea mahali popote. Hakuna mtu mzima duniani angeweza kumlaumu kwa neno hata moja. Alipoaga, alisema, "Baba mudogo, ukiwa na shida utamutuma Bahati," na Mama akamsindikiza getini.

Baba alibaki ameshika kipande cha chungwa asichokila. Niliinama kukunja blanketi.

"Bahati," akasema, "umesikia alivyoniita?"

Nikamwambia nimesikia. Alingoja niongeze neno. Nikamaliza kukunja blanketi.